Moto wa Kupalia: Birmingham na Ufundi wa Kuinywesha Hewa

Mamangu, Mungu amrehemu, alipika mkate wa sinia kwa mioto miwili. Wa chini ulikuwa mdogo, makaa machache tu ndani ya jiko. Wa juu ndio uliokuwa na kazi. Alilifunika sinia kwa bati, akapalia makaa juu ya bati, kisha akakaa kwenye kibao akinusa. Uso wa mkate uliiva na kugeuka rangi ya asali bila kuguswa na kitu. Nyumba yetu ilikuwa Kibokoni, Mombasa, na mimi ndiye niliyetumwa makaa. Nilijua tangu udogo kwamba moto haupandi tu, hushuka pia.

Maarifa hayo nilikutana nayo tena Januari 1997, nikiwa na miezi michache katika kazi ya mashine za hewa mjini Birmingham. Mzee aliyekuwa akinifundisha alifungua mashine iliyosimama kwenye chumba cha kompyuta cha ofisi moja. Ndani mlikuwa na sinia la chuma kisichoshika kutu, lenye maji ya kina cha vidole vitatu. Juu ya maji, pasipo kuyagusa, taa nyembamba za kioo cha kwatzi zilipangwa sambamba kama mishikaki, na juu ya taa kulikuwa na bati la alumini linalong'aa. Mzee aliiwasha kwa majaribio. Taa zikaiva rangi ya chungwa, na kabla sijafika mbali katika kuhesabu, mvuke ulikuwa unainuka.

"Kijana, angalia," aliniambia. "Moto iko juu, maji iko chini. Hakuna kugusana."

Nikamjibu, "Mzee, huu ni moto wa kupalia."

Alifikiri kidogo, akakubali. Alikuwa Kalasinga wa Nairobi, mtoto wa fundi wa reli, na Kiswahili chake kilikuwa cha karakana. Aliingia Uingereza mapema mwaka 1968, wakati Wahindi wengi wa Kenya walipokuwa wakiwahi ndege kabla ya sheria ya uhamiaji ya Machi mwaka huo kuwafungia mlango. Tangu siku ile hatukuiita mashine ile kwa jina la kwenye vitabu vyake. Tuliiita jiko la kupalia, na hivyo ndivyo ninavyoiita hadi leo.

Naandika historia yake kwa sababu inazidi kuadimika, na kwa sababu jiji hili lina sehemu kubwa katika habari ya moto na maji kuliko wengi wanavyojua.

Mtu wa pwani kwanza atauliza hewa inanyweshwa maji kwa sababu gani. Kwetu, msimu wa masika, nguo zikioshwa jioni huamka mbichi, chumvi hulowa kibuyuni, na viatu vikiachwa chini ya kitanda huota ukungu. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo, na Mombasa mara nyingi haiko mbali na kujaa. Birmingham mwezi Januari ni habari nyingine. Hewa ya nyuzi sifuri ikijaa kabisa hubeba gramu 5 hivi. Unapoiingiza ndani na kuipasha hadi nyuzi 20, maji yake hayaongezeki, lakini uwezo wake wa kubeba hupanda hadi gramu 17. Kwa hiyo hewa iliyokuwa imeshiba nje huwa na njaa ndani: unyevu wake hushuka hadi asilimia 28 hivi. Njaa hiyo huitafuta riziki popote. Huinyonya kwenye midomo ikapasuka, kwenye mbao za samani zikalia usiku, kwenye ngozi na karatasi zikajikunja. Na kompyuta nazo huogopa hewa kavu, maana mtu akitembea juu ya zulia huchaji umeme mwilini, na cheche ndogo ya kidole yaweza kuua sakiti.

Basi hewa lazima inyweshwe. Gharama ya kuinywesha ilieleweka kwanza na watu wawili wa Uskoti, na mmoja wao alikuja kuishi hapa.

James Watt alipokuwa fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, aliona jambo lililomshangaza. Mvuke kidogo kutoka kwenye birika uliweza kuyachemsha maji baridi yenye uzito wa karibu mara sita ya uzito wake. Rafiki yake Joseph Black alimweleza sababu. Maji yanapogeuka mvuke humeza joto jingi sana ambalo kipimajoto hakilioni, na mvuke unapogeuka tena maji hulitema joto hilo lote. Black aliliita joto lililofichika. Mwaka 1774 Watt alihamia Birmingham, na mwaka uliofuata akaingia ubia na Matthew Boulton, mwenye karakana ya Soho huko Handsworth. Injini zao za mvuke zilisambaa Uingereza nzima.

Mimi joto lililofichika nimelijua kwa bili. Kila lita ya maji ninayoigeuza mvuke inadai karibu robo tatu ya yuniti ya umeme, na haijali kama moto uko chini, ndani au juu. Chumba cha mita za ujazo 500 siku ya baridi kali kinahitaji karibu lita mbili kila hewa yake inapobadilishwa yote, ili kiwe na unyevu wa asilimia 50. Hilo ni deni la maumbile, na hakuna fundi anayeweza kusamehewa. Anachoweza kuchagua ni moto akae wapi.

Kwa maelfu ya miaka moto ulikaa chini ya chungu. Umeme ulipokuja haukubadilisha hilo mara moja. Mabirika ya kwanza ya umeme, ya miaka ya 1890, yalikuwa na koili katika chumba cha peke yake chini ya maji. Joto lilipaswa kupenya bati na hewa kabla ya kuyafikia, na chai ilichelewa. Mwaka 1922, katika kiwanda cha Bulpitt & Sons cha hapa Birmingham, waliotengeneza vyombo vya chapa ya Swan, mhandisi Leslie Large alizungusha waya kwenye kiini chake, akauvika bomba la chuma, akaliingiza bomba zima ndani ya maji. Moto ukahama kutoka chini ya chungu hadi ndani yake. Kila birika la umeme unaloliona na koili iliyozama, na kila hita ya kuchovya ambayo watu wetu hutumbukiza kwenye ndoo asubuhi ya baridi Nairobi au Arusha, ni ya ukoo huo. Kiwanda cha Bulpitt kilikuwa barabara ya Camden, pembeni ya mtaa wa masonara. Nimepita hapo mara nyingi nikienda kazini, na kila mara nimemkumbuka Large, kwa kuwa watu wanaokunywa chai kwa akili yake ni wengi mno, na wanaolijua jina lake ni wachache.

Lakini koili iliyozama ina adui, naye ni ukoko. Maji yanapoondoka kama mvuke huacha chumvi na chokaa zake nyuma, na hizo hushika pale penye moto mkali zaidi, yaani juu ya koili yenyewe. Ukoko ukinenepa, joto halitoki. Koili hujipika ndani kwa ndani mpaka ikakatika. Aliyechemsha maji ya kisima cha Kisauni anaujua ukoko huo mweupe.

Hapa Birmingham tuna bahati. Joseph Chamberlain alipokuwa meya, kati ya 1873 na 1876, baraza la jiji lilinunua kampuni za gesi na maji ziwe mali ya umma. Jiji likaendelea kukua, visima na mito yake haikutosha, na mwaka 1892 Bunge likapitisha sheria ya kuleta maji kutoka bonde la Elan, katikati ya Wales. Mwaka 1904 Mfalme Edward wa Saba alizindua mradi huo. Maji husafiri kilomita 118 kwa mteremko mtupu, bila pampu, mteremko ambao wote kwa jumla ni mita 52 tu. Yanatoka kwenye miamba migumu isiyo na chokaa, kwa hiyo ni laini. Birika langu la nyumbani lina miaka tisa na ndani yake bado linang'aa. Ndugu zetu wa London, wanaokunywa maji ya miamba ya chokaa, hawana neema hiyo. Ila mashine ya unyevu hula maji mchana na usiku majira yote ya baridi, na hata maji laini yakichemshwa kwa maelfu ya lita huacha kitu.

Jawabu la ukoko lilitoka kwenye nuru isiyoonekana. Mwaka 1800, huko Slough, mwanaastronomia William Herschel, aliyezaliwa Hannover na kuanza maisha kama mwanamuziki, aliupitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, ukatawanyika rangi zake. Aliweka vipimajoto katika rangi hizo. Kimoja alikiweka nje ya ukingo wa nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na hicho ndicho kilichopanda zaidi. Mionzi hiyo leo tunaiita infraredi. Ndiyo inayokufikia usoni unapokaa mbele ya jiko, hata upepo ukivuma kwenda upande mwingine. Ndiyo iliyoivisha mkate wa mamangu.

Maji huipenda mionzi hiyo kupita kiasi. Sehemu kubwa yake humezwa na tabaka jembamba la juu, kabla haijafika mbali. Kwa hiyo ukiweka taa ya infraredi juu ya sinia, huhitaji kuyachemsha maji yote ndipo upate mvuke. Uso wenyewe hupata moto na kuondoka. Ndiyo maana mashine ile huanza kutoa mvuke ndani ya sekunde, wakati chungu chenye koili bado kinaguna. Chumvi hubaki sinia, taa hubaki safi, na fundi huosha sinia badala ya kununua koili.

Jiji hili lilikuwa limeshaichungulia njia ya kupasha maji moto bila kuyagusa. Tarehe 21 Februari 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot waliwasha kwa mara ya kwanza magnetroni yao, chombo cha shaba chenye matundu kilichotoa mawimbi mafupi yenye nguvu ambayo hayakuwahi kupatikana. Kazi yake ilikuwa rada za vita. Baada ya vita, magnetroni ikawa moyo wa jiko la maikrowevu. Mawimbi hayo si infraredi, nayo huingia ndani zaidi ya chakula. Lakini ni ndugu wa ukoo mmoja, na wote wawili wanashuhudia kwamba joto linaweza kutumwa kama salamu, lisihitaji kubebwa.

Jiko la kupalia lilipata makazi yake halisi kompyuta zilipopewa vyumba vyao. Mwaka 1965 Ralph Liebert alianzisha kampuni huko Columbus, Ohio, kwa ajili ya kupoza vyumba hivyo, na katika mashine za namna yake sinia na taa za kwatzi zikawa kiungo cha kawaida. Nilipoanza kazi, benki, ofisi za bima na vyumba vya simu katikati ya Birmingham vilikuwa na majiko hayo. Kazi yetu ilijulikana kwa msimu. Oktoba tuliosha masinia. Novemba tulipima taa. Desemba hadi Machi simu zililia.

Mzee alinifundisha sheria tatu. Zima umeme kwanza, na funga swichi kwa kufuli yako, si ya mwenzako. Usishike taa kwa mkono mtupu, kwa sababu mafuta ya kidole yakibaki kwenye kwatzi huiunguza mahali hapo na kuipasua. Sheria hiyo niliivunja mwezi wangu wa pili. Taa niliyoishika ilikufa baada ya wiki chache, na alama nyeupe ilikuwa pale pale kidole kilipogusa. Mzee hakunigombeza. Alinipa ile taa, akasema, "Weka nyumbani, ukumbuke." Bado ninayo, kwenye droo ya jikoni.

Sheria ya tatu ndiyo kubwa: osha sinia. Mwaka 2003 niliitwa katika jengo moja la biashara ambapo watu walilalamika kukohoa. Mkataba wa matunzo ulikatwa ili kubana matumizi. Nilipofungua mashine, sinia lilikuwa na utelezi wa kijani na tope la miezi mingi. Taa zilikuwa zimeungua tangu zamani, maji yamesimama vuguvugu, na feni inapuliza juu yake kuelekea kwenye madawati ya watu. Nilizima yote nikakataa kuwasha mpaka pasafishwe. Sikuwa mkaidi bure. Aprili 1985, huko Stafford, kaskazini kidogo ya hapa, watu 28 walikufa kwa ugonjwa wa Legionella uliosambazwa na mfumo wa kupoza hewa wa hospitali mpya. Bakteria huyo hustawi kwenye maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na hufa maji yanapofika nyuzi 60 na zaidi. Mvuke wa moto wa kweli ni salama; maji yaliyosahauliwa ndiyo yanayoua. Mzee aliusema msiba wa Stafford kwa kila kijana aliyemfundisha, na mimi nausema kwa wangu.

Leo majiko ya kupalia yanapungua. Mwaka 2008 wahandisi wa Marekani wanaoweka kanuni za vyumba vya kompyuta walilegeza masharti ya unyevu, vyumba vingi vikaona havihitaji tena mvuke mwingi. Umeme nao umepanda bei, na mashine zinazonyunyiza maji baridi hula umeme kidogo kuliko majiko haya, kwa kuwa joto lililofichika huliomba kwenye hewa yenyewe. Nimezing'oa nyingi kwa mikono yangu. Siwalaumu wanaoziacha. Nasema tu kwamba zilifanya kazi ngumu vizuri, na kwamba aliyezibuni alielewa jambo ambalo mama zetu walilijua jikoni.

Kilichonifanya niupende ufundi huu hakikuwa kompyuta. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba kurasa za Kurani zilizo katika maktaba ya nyaraka ya Cadbury, hapa Chuo Kikuu cha Birmingham, zimeandikwa kwenye ngozi ambayo vipimo vya kaboni vinaiweka kati ya mwaka 568 na mwaka 645. Zililetwa na Alphonse Mingana, mzaliwa wa karibu na Mosul, aliyekusanya hati za kale katika miaka ya 1920 kwa fedha za Edward Cadbury, wa ukoo wa chokoleti. Oktoba mwaka huo zilionyeshwa katika jumba la sanaa la Barber, na mimi nilipanga foleni na wazee wa msikiti wetu wa Small Heath. Wao walitazama herufi. Mimi baada ya herufi nilitazama ngozi, jinsi ilivyolala bapa baada ya karne zaidi ya 13. Ngozi hunywa na kutema maji kila hewa inapobadilika. Ikikauka hujikunja na wino kubanduka, ikilowa hushikwa na ukungu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 ulitaka nyaraka zikae katika unyevu wa kati ya asilimia 35 na 60, bila kuyumba ghafla.

Na maktaba hiyo ina kitu kingine kinachotuhusu sisi wa pwani. Imehifadhi kumbukumbu za shirika la wamisionari la CMS. Humo mna barua za Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, akamzika mke na mtoto wake mchanga huko ndani ya miezi michache, akajifunza Kiswahili na kukusanya maneno ya kamusi iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mna habari za Rabai, za Freretown na za Buganda. Karatasi zilizoandikwa katika jasho la Mombasa sasa zinaishi kwenye nchi ya hewa yenye njaa, na uhai wao unategemea mtu fulani anayesoma kipimo cha unyevu kila siku. Kazi yangu nimeiheshimu zaidi tangu nilipolijua hilo.

Kwetu tatizo ni kinyume chake. Hati za koo zetu, mirathi, nyaraka za wakfu, tenzi za kunakiliwa kwa mkono, zimo masandukuni Lamu, Mombasa, Unguja na Barawa, nazo zinakufa kwa maji yaliyozidi, si kwa ukavu. Dawa si ile ile, lakini mwanzo wa dawa ni mmoja: pima. Kipimaunyevu kidogo cha mkono ni bei ya kilo chache za nyama. Kitie karibu na sanduku la babu yako, kisome asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja, na uandike. Kikizidi 60 siku baada ya siku, litoe sanduku ukutani, liinue sakafuni, lipe hewa inayotembea, na umtafute mtu wa makumbusho akushauri kabla ukungu haujasoma hati hizo mbele yako.